Jaji na Deni la Fadhila

Ijumaa ya tarehe 1 Septemba 2017, Mahakama ya Juu ya Kenya ilibatilisha uchaguzi wa rais. Majaji wanne kati ya sita waliosikiliza kesi mpaka mwisho walisema uchaguzi wa Agosti haukuendeshwa kwa kufuata Katiba, na wapiga kura warudi debeni ndani ya siku 60. Mchana huo Rais Uhuru Kenyatta alihutubia nchi kwa utulivu: hakubaliani na uamuzi, lakini anauheshimu. Baadaye siku hiyohiyo, akiwa na wafuasi wake kwenye soko la Burma jijini Nairobi, utulivu ulikuwa umekwisha. Majaji sasa walikuwa wakora.

Wengi walishangazwa na tusi. Mimi nilivutwa zaidi na uchungu uliokuwa ndani yake. David Maraga, Jaji Mkuu aliyeongoza jopo lile, alikuwa ameapishwa Oktoba 2016 mbele ya Rais huyohuyo, baada ya kuteuliwa kwa sahihi ya Rais huyohuyo. Hata mwaka ulikuwa haujatimia. Hukuhitaji kukaa sana kwenye matatu siku zile kusikia yale ambayo wanasiasa waliyazungukazunguka: mzee amepewa cheo, na hivi ndivyo anavyolipa. Fadhila za punda ni mateke.

Sitaki kulidharau lalamiko hilo. Shukrani si jambo dogo kwetu. Kijana aliyepelekwa chuo kikuu kwa harambee ya kijiji anajua kuwa ile karo haikuisha siku ilipolipwa. Itadaiwa kwenye matanga na kwenye arusi, itadaiwa na kila mzazi anayemtafutia mwanawe kazi, na akijifanya hasikii ataitwa jina ambalo halitamtoka maisha. Mtu anayemsahau aliyemwinua tunamwona hana utu. Ndiyo maana kiti cha jaji ni kigumu kwetu kuliko tunavyokiri. Kinamtaka mtu mzima, aliyelelewa vizuri na watu wa heshima, akae pale miaka na miaka bila kulipa fadhila hata moja. Tabia tunayomsifia nyumbani ndiyo itakayomharibu mahakamani.

Katiba ya 2010 haikulisema jambo hili waziwazi, lakini ukiisoma sura ya Mahakama utaona iliandikwa na watu waliokwisha kuumizwa na deni la namna hiyo. Kabla yake, Rais alimteua Jaji Mkuu peke yake. Majaji wengine aliwateua kwa ushauri wa tume ya watu watano: Jaji Mkuu, Mwanasheria Mkuu, majaji wawili, na mwenyekiti wa Tume ya Utumishi wa Umma. Wote watano walikuwa wamewekwa pale na yeye. Alikuwa akijishauri mwenyewe kwa sauti tano. Mwaka 1988 Bunge lilikwenda mbali zaidi na kuwaondolea majaji ulinzi wa kazi waliokuwa nao, na ingawa ulinzi huo ulirudishwa mwaka 1990, kila jaji alikuwa amekwisha kuona jinsi kiti chake kinavyoweza kuvutwa.

Matokeo yake yalionekana vizuri katika kesi za uchaguzi. Baada ya uchaguzi wa 1992 Kenneth Matiba, aliyeshika nafasi ya pili, alikwenda mahakamani kumpinga Rais Daniel arap Moi. Matiba alikuwa amepata kiharusi akiwa kizuizini, na kwa kuwa hakuweza kuandika, mkewe alimtilia sahihi kwa hati ya uwakilishi. Kesi ikatupwa: mlalamishi alipaswa kutia sahihi kwa mkono wake. Baada ya uchaguzi wa 1997 akaja Mwai Kibaki. Safari hii sahihi ilikuwepo, ila karatasi za kesi hazikukabidhiwa Moi mkononi. Mahakama ya Rufaa, ambayo wakati huo ndiyo iliyokuwa ya mwisho nchini, ilishikilia kwamba Rais lazima akabidhiwe ana kwa ana. Ni nani angepenya walinzi wa Ikulu akiwa na bahasha ya kumshtaki mwenye Ikulu? Hilo lilikuwa shauri la Kibaki na mawakili wake.

Sisemi majaji hao walipigiwa simu. Inawezekana kabisa kwamba hawakupigiwa. Deni la fadhila halihitaji simu. Mdaiwa mwenyewe hulikumbuka usiku akiandika uamuzi, naye, bila kujiona mwovu, hugundua kwamba sheria ya sahihi ni muhimu sana, na sheria ya kukabidhi karatasi ni muhimu sana, na kwamba kura zenyewe hazina haja ya kuhesabiwa upya. Kila hatua ina kifungu chake. Ukizisoma hukumu zile leo huoni woga popote, unaona usomi mtupu, na hilo ndilo linaloogofya.

Kwa hiyo Desemba 2007, matokeo ya uchaguzi wa rais yalipozua ubishi na upande wa mpinzani Raila Odinga ukaambiwa uende mahakamani, ulikataa. Kibaki, yuleyule ambaye kesi yake ilizikwa kwa sababu ya karatasi, sasa ndiye aliyetangazwa mshindi, na jioni ya tarehe 30 Jaji Mkuu Evan Gicheru alikuwa Ikulu akimwapisha muda mfupi tu baada ya tangazo. Watu zaidi ya 1,100 walipoteza maisha katika ghasia zilizofuata. Zilikuwa na sababu nyingi, za ardhi na za ukabila na za umaskini. Lakini miongoni mwake iko hii ya mahakama ambayo nusu ya nchi iliamini imekwisha kuamua kabla ya kuulizwa.

Mahakama ya Juu ilizaliwa kutokana na maumivu hayo. Majaji saba, na kazi moja ambayo hakuna mahakama nyingine iliyopewa: kusikiliza kesi ya kupinga matokeo ya urais na kuimaliza ndani ya siku 14. Wanastaafu wakifika miaka 70, na Jaji Mkuu hawezi kukaa zaidi ya miaka kumi hata kama umri unamruhusu. Anayeomba nafasi lazima awe na uzoefu wa miaka 15, iwe kwenye kiti cha jaji, uwakili au ualimu wa sheria chuoni. Halafu ikaundwa Tume ya Huduma za Mahakama, ambayo ndiyo hasa moyo wa mpango wote. Ina watu 11. Jaji Mkuu ni mwenyekiti, lakini wenzake hakuwateua yeye. Majaji wa Mahakama ya Juu humchagua mmoja wao, wale wa Rufaa humchagua wao; chama cha majaji na mahakimu huleta wawili, na mawakili hupiga kura nchi nzima kuleta mwanamke na mwanamume. Mkono wa Rais upo, kupitia Mwanasheria Mkuu na wawakilishi wawili wa umma wasio wanasheria, ambao nao hupitishwa na Bunge, lakini umezungukwa. Imepangwa makusudi hivyo, ili pasiwe na mtu mmoja wa kusema: huyu nilimweka mimi.

Nafasi hutangazwa, watu huomba, huitwa na kuhojiwa hadharani. Tume hupeleka jina kwa Rais. Jina la Jaji Mkuu au naibu wake hupitia Bunge la Taifa kwanza. La hao wengine watano haliendi huko. Rais anatia sahihi. Kwa mujibu wa Katiba hana jingine la kufanya.

Kwa mujibu wa Katiba. Januari 2011, wino wa Katiba ukiwa bado mbichi, Kibaki alipeleka Bungeni jina la mtu wake wa kuwa Jaji Mkuu, kwa mtindo wa zamani. Mahakama Kuu ilisema hapana, akaliondoa. Mwaka 2015 Bunge lilipitisha sheria ya kuitaka tume impelekee Rais majina matatu ya Jaji Mkuu na matatu ya naibu ili achague, na mwaka uliofuata Mahakama Kuu ikaifuta. Ilikuwa hila ya kijanja. Ukiwa na majina matatu, fadhila inarudi, kwa kuwa atakayechaguliwa atajua kwamba wapo wawili walioachwa kwa ajili yake.

Lakini jaribio lililonifunza zaidi halikuhusu Mahakama ya Juu yenyewe. Mwaka 2019 tume ilipendekeza majaji 41 wa Mahakama ya Rufaa na wa mahakama za ngazi ya Mahakama Kuu. Rais Kenyatta alikaa na orodha hiyo karibu miaka miwili. Mahakama Kuu ilitamka kwamba hana hiari, kazi yake ni kuteua. Alikaa nayo tu. Juni 2021 aliwateua 34 na kuwaacha sita, akisema wana dosari ambazo umma haukuonyeshwa. Mmoja kati ya wale 41 alikuwa amekwisha kufariki akisubiri. Baadhi ya wale sita walikuwa majaji wanaojulikana kwa hukumu zilizoikera Serikali, na wawili miongoni mwao, George Odunga na Joel Ngugi, walikuwa katika jopo lililokuwa limesimamisha mpango wa BBI wa kubadilisha Katiba wiki chache kabla.

Kisha Septemba 2022 William Ruto aliapishwa kuwa Rais, na moja ya mambo yake ya kwanza lilikuwa kuwateua wale sita. Watu walishangilia, na haki ilikuwa imetendeka, sina shaka. Ila nilipotazama shangwe ile nilijiuliza kama hatukuwa tunarudi palepale. Kitu ambacho kilikuwa haki yao kwa miaka mitatu kiligeuka zawadi siku moja, kikatolewa jukwaani na mtu ambaye wiki iliyotangulia Mahakama ya Juu ilikuwa imethibitisha ushindi wake. Hivi ndivyo kuchelewesha kunavyofanya kazi: anayekunyima hukuogofya, na anayekuja kukupa hukuweka katika kundi la waliokirimiwa. Wale sita hawakuomba kuwekwa humo, na hukumu zao ndizo zitakazosema kama waliingia.

Na Rais si mdai pekee. Ukimwondoa mlangoni, deni halipotei, linatafuta njia nyingine. Mawakili wanaowapigia kura wawakilishi wao katika tume hiyo ndio watakaosimama mbele ya majaji waliochaguliwa na tume hiyo. Majaji wa Mahakama Kuu wanaotamani kupanda humpigia kura mwenzao atakayekaa upande wa pili wa meza siku watakapohojiwa. Kisha liko hili la nyumbani, ambalo naona ndilo zito kuliko yote. Jaji akiteuliwa, kijiji chake huangua vigelegele: mtoto wetu amekumbukwa. Wazee huunda ujumbe wa kwenda kumshukuru Rais. Hufanyika ibada ya shukrani, ng'ombe akachinjwa, na kwenye viti vya mbele hukaa mbunge na gavana ambao kesi zao hazikosi kufika mahakamani. Hakuna kifungu cha Katiba kinachokataza ng'ombe. Wala sioni jinsi jaji anavyoweza kukaa mbali na sherehe ya mama yake mwenyewe. Lakini kila kipande cha nyama pale kinaandikwa katika daftari ambalo hakuna tume itakayolikagua.

Ndiyo maana mahojiano ya hadharani, ambayo wengi huyaona kama mchezo wa kuigiza, mimi nayathamini. Mwaka 2021 waombaji kumi wa nafasi ya Jaji Mkuu walihojiwa mbele ya kamera, siku baada ya siku, mpaka Martha Koome akapendekezwa, mwanamke wa kwanza kufika hapo. Maswali mengine yalikuwa ya kujaza muda, na mengine yalifanana na ugomvi wa zamani uliovikwa joho. Mwaka 2011 Willy Mutunga, aliyewahi kuwekwa kizuizini enzi za Moi, akihojiwa kwa nafasi hiyohiyo, aliulizwa habari ya kipuli alichovaa sikioni. Taifa lenye mrundiko wa kesi za miaka na miaka likajadili sikio la mwanamume. Mutunga aliweka wazi kwamba hakivui kwa ajili ya cheo. Kwa kweli hilo jibu lilinitosha. Mtu asiyekubali kuvua kipuli ili apate kazi ana dalili nzuri.

Maraga naye, mwaka 2016, aliulizwa habari ya Sabato. Yeye ni Mwadventista, na hakuficha kwamba Jumamosi si siku yake ya kazi. Wako walioona ni ukaidi. Mwaka uliofuata kikao cha maandalizi ya kesi ya urais kilianza Jumamosi jioni, jua lilipokwisha kuchwa, na kesi ikaisha ndani ya muda wake. Sidai kwamba mcha Mungu ndiye jaji bora. Dini nazo zina wazee wake wa kudai. Ninachosema ni kwamba swali lile lilitufichulia mtu huyu anajiona ana deni kwa nani, na halikuwa kwa yeyote kati ya waliokuwa chumbani. Septemba 2020, akikaribia kustaafu, alimshauri Rais avunje Bunge kwa kushindwa kutunga sheria ya theluthi mbili ya jinsia. Bunge lilikuwa limemwidhinisha miaka minne tu kabla. Punda yuleyule, mateke mengine. Ushauri wenyewe haukutekelezwa, na naukubali ubishi kwamba haukuwa na busara, lakini hakuna atakayesema ulitoka kwa mtu anayehesabu nani alimfanyia nini.

Ukosefu huu wa shukrani una upande wake wa pili, na hapo ndipo watu wengi huukosea. Si ujeuri. Mkesha wa mwaka mpya wa 2012 Nancy Baraza, Naibu Jaji Mkuu wa kwanza chini ya Katiba mpya, aliingia katika jengo la Village Market na kukwaruzana na mlinzi aliyetaka kumkagua kama anavyokaguliwa kila mtu. Ilidaiwa alimbana pua na kumtisha. Jopo liliundwa chini ya Augustino Ramadhani, aliyekuwa Jaji Mkuu wa Tanzania, na Agosti 2012 likapendekeza Baraza aondolewe. Oktoba akajiuzulu. Wakati ule nilisikia wanasheria wakinong'ona kwamba adhabu ilizidi kosa: mwanamke msomi, cheo cha pili mahakamani, kwa sababu ya pua ya mtu? Niliona na bado naona kuwa jopo lilikuwa sawa. Jaji asiyejiona anadaiwa na Rais lazima ajione anadaiwa na yule aliyesimama mlangoni kwa mshahara wa kusukuma siku. Asipodaiwa na juu wala na chini, huyo atakuwa bwana tu.

Majirani wamechagua njia nyingine. Tanzania haina Mahakama ya Juu. Mahakama ya Rufani ndiyo ya mwisho, Rais humteua Jaji Mkuu mwenyewe, na Katiba inazuia mahakama yoyote kuchunguza uchaguzi wa Rais aliyetangazwa na tume. Wako Wakenya wanaoutamani utulivu huo. Mimi simo, ingawa nakiri kwamba umetoa majaji waadilifu, Ramadhani akiwa mmoja wao. Hilo linatukumbusha kwamba utaratibu mzuri hauzai mtu mzuri wenyewe, na utaratibu mbovu haumzuii kila mara.

Wala Kenya haina haki ya kujisifu sana. Mwaka 2013 Mahakama hiyohiyo, ikiwa na majaji wapya waliohojiwa vizuri, ilikataa hati ya kiapo ya kurasa zaidi ya 800 kwa sababu ililetwa kwa kuchelewa, na wasomaji wa kesi ya Matiba wakasikia mwangwi walioujua. Tarehe 25 Oktoba 2017, siku moja kabla ya uchaguzi wa marudio, ombi la kuusimamisha lilipangwa kusikilizwa. Jioni iliyotangulia dereva wa Naibu Jaji Mkuu Philomena Mwilu alikuwa amepigwa risasi. Asubuhi wakaja majaji wawili tu, Maraga na Isaac Lenaola, na sheria inataka watano. Kesi haikusikilizwa. Yaliyowapata wale wengine yalielezwa mmoja mmoja: ugonjwa, safari, ndege. Siwahukumu. Mtu anaweza kuhojiwa kwa siku nzima mbele ya taifa na asiulizwe hata mara moja atafanya nini asubuhi ya namna hiyo.

Koome, aliyezaliwa mwaka 1960, atafikisha miaka 70 mwaka 2030, na tume itaketi tena kumtafuta atakayemfuata. Yatarudi maswali ya kodi, ya mali, ya hukumu zilizobatilishwa na Rufaa. Ningependa kamishna mmoja, afadhali mmoja wa wale wawili wasio wanasheria, amwulize kila mwombaji swali hili: ni nani waliokusaidia kufika hapa ulipo, na utawafanyaje siku watakaposimama mbele yako? Atakayejibu kwamba hakusaidiwa na mtu ningempa alama ndogo kabisa. Yule atakayetaja majina, la mwalimu, la mbunge aliyelipa karo, la wakili aliyempa kazi ya kwanza, kisha akaeleza mbele ya kamera ni kesi zipi atazikataa kwa ajili yao, huyo ningemsikiliza mpaka mwisho.